Vyuo Vikuu Kwenye Njia ya Kwihara

Oktoba 1873 msafara mmoja uliingia Kwihara ukitokea kusini. Haukuwa na pembe za ndovu wala majora ya merikani. Ulibeba mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone, uliokaushwa kwa chumvi na jua huko kijijini kwa chifu Chitambo, ukaviringishwa nguo, ukatiwa ndani ya gome la mti na kushonewa turubai. Walioongoza walikuwa Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na kijana msomi Jacob Wainwright, na nyuma yao wenzao wapatao 60. Walikuwa njiani kwa miezi mitano hivi.

Kwihara waliwakuta Luteni Verney Lovett Cameron na daktari William Dillon, Waingereza waliotumwa kumsaidia Livingstone kabla habari za kifo chake hazijajulikana. Cameron, ambaye naye alikuwa taabani kwa homa, akashauri mwili uzikwe papo hapo katika nchi ya Unyanyembe. Wapagazi wakakataa. Wakapumzika, wakajitwika, wakaondoka. Walipofika Kasekera na wenyeji wakazuia maiti isipite, waliufunga mwili upya mfano wa mtumba wa nguo na kueneza habari kwamba umerudishwa Unyanyembe. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama sifa ya watumishi waaminifu kwa bwana wao. Lakini kimo pia katika historia ya vyuo vikuu. Chuma alikuwa ameokolewa utumwani mbele ya watu waliotumwa Afrika na vyuo vikuu vya Uingereza, na Jacob alikuwa ndiye mwenye kalamu katika msafara ule. Swali ambalo vyuo hulijibu siku hizi kwa kamati na bajeti za uwajibikaji kwa jamii, yaani msomi anawiwa nini na watu wasiopata nafasi ya kusoma, lilipita Kwihara mapema sana, likiwa limebebwa mabegani.

Leo Kwihara ni kijiji nje kidogo ya mji wa Tabora, na tembe alilokaa Livingstone limefanywa makumbusho. Katika karne ya 19 mahali hapa palijulikana kuanzia Unguja hadi Manyema. Njia kuu ya kutoka pwani iligawanyika katika himaya ya Unyanyembe: tawi moja likaelekea Ujiji na kuvuka ziwa, jingine likapanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Waarabu na Waswahili walijenga matembe Kazeh na Kwihara kwa ridhaa ya watemi wa Unyanyembe, lakini biashara yenyewe ilikwenda kwa miguu ya Wanyamwezi. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili, kilo 30 na ushei, akalipwa kwa nguo na kulishwa kwa posho, huku akimfuata kirangozi aliyejua visima, mapori na hongo ya kila mtemi. Ilikuwa kazi ya ujuzi na ya heshima. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona pwani alikuwa bado hajatimia machoni pa wenzake.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Kwihara Juni 1871, akajiingiza katika vita vya Waarabu dhidi ya mtemi Mirambo, akashindwa pamoja nao, kisha akazunguka kwa kusini hadi Ujiji alikomkuta Livingstone. Wote wawili walirudi Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka Machi 14. Livingstone akabaki miezi mitano akisubiri watu aliokuwa ameahidiwa, hadi Agosti walipowasili 57 kutoka Unguja. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wao.

Mzizi wa sehemu ya vyuo vikuu katika habari hii uko mbali zaidi. Novemba 7, 1857 wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh wakitokea pwani. Walipokuwa bado wamepumzika hapo, Desemba 4, Livingstone alisimama mbele ya wahadhiri na wanafunzi wa Cambridge, katika jumba la Senate House, akawataka vijana wa chuo waje Afrika kuendeleza kazi aliyoianza. Wito huo ukazaa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi UMCA. Oxford na Cambridge zilianza, kisha Durham na Dublin zikajiunga. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikuwa mwalimu wa hisabati wa Cambridge. Chuo kikuu kikaamua, kwa jina lake chenyewe, kwamba kinawiwa na watu wasiokijua.

Mwanzo haukuwa mzuri. Julai 1861 kundi la Mackenzie, likisindikizwa na Livingstone, lilikuta msafara wa watumwa katika nyanda za Shire, katika nchi inayoitwa Malawi leo, likawafungua zaidi ya watu 80. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeitwa Chuma. Wamisionari walipiga kambi Magomero, na baada ya muda mfupi walikuwa wamejitia katika vita vya wenyeji, wakibeba bunduki upande mmoja na kuchoma vijiji vya upande mwingine, bila kuelewa sawasawa nani anagombana na nani na kwa nini. Januari 1862 Mackenzie akafa kwa homa. Wasomi wale walikuwa na moyo, fedha na imani. Walichokosa ni kuwauliza wenyeji kabla ya kutenda, na kosa hilo liliwagharimu watu wa Shire maisha na makazi.

Mwaka 1864 misheni ikahamia Unguja chini ya Askofu Tozer na Edward Steere, na mwenendo ukabadilika. Shule yao ilianza na wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi. Steere, mwanasheria aliyesomea London, alikaa chini akajifunza Kiswahili kutoka kwa watu wa Unguja, akaweka mtambo wa uchapaji na kuwafundisha vijana kupanga herufi. Mwaka 1870 kitabu chake cha mwongozo wa lugha kikatoka. Krismasi ya 1873, miezi michache baada ya Sultani Barghash kufunga soko la watumwa la Mkunazini, kanisa kuu likaanza kujengwa juu ya uwanja wa soko hilo. Yapo mengi ya kuwalaumu wamisionari wale, hasa namna walivyowashikilia waliookolewa chini ya mamlaka yao kana kwamba uhuru ni kuhamia kwa bwana mwingine mpole. Hata hivyo tofauti kati ya Magomero na Unguja ni kubwa. Unguja msomi alikubali kuwa mwanafunzi.

Kazi hiyo ya lugha ilizaa matunda ambayo Steere, aliyefariki 1882, hakuyaona. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusanifu Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Kiunguja iliyokuwa imekwisha kuchaguliwa, ile ile aliyoiandikia Steere. Mwaka 1964 kamati hiyo ikageuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1981 taasisi ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Lugha iliyosambazwa bara na wapagazi na wafanyabiashara, iliyozungumzwa Tabora kabla Mjerumani hajaja, ikawa somo la chuo kikuu na chombo cha taifa.

Na wale walioubeba mwili? Chuma na Susi walipelekwa Uingereza mwaka 1874, mazishi yakiwa yamekwisha. Huko walikaa na Horace Waller, mmoja wa watu wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu kule Magomero, aliyekuwa akihariri shajara za mwisho za Livingstone. Waller alikuwa na madaftari, lakini ramani ya njia, majina ya mito na watemi, na mpangilio wa siku za mwisho vilikuwa kichwani mwa wageni wake wawili. Kitabu kilipotoka mwishoni mwa mwaka huo, jina kubwa juu ya jalada lilikuwa la Livingstone. Shirika la Kifalme la Jiografia lilitengeneza medali 60 kwa ajili ya wale waliosafiri na mwili, lakini medali zilichelewa, na wengi wa waliostahili walikuwa wamekwisha kutawanyika katika misafara mingine.

Waliporudi, wote wawili waliifanyia kazi misheni kama viongozi wa misafara. Chuma aliwaongoza watu wa Steere kusini mwa Tanganyika, na mwaka 1879 akauongoza msafara wa Joseph Thomson hadi maziwa makuu, baada ya mkuu wake Keith Johnston kufariki njiani. Alifia Unguja mwaka 1882, Susi mwaka 1891. Jacob alikuwa Myao kama Chuma, naye alikombolewa utumwani akasomeshwa katika shule ya Nassik nchini India. Yeye ndiye aliyechonga maandishi katika mti uliokuwa juu ya moyo wa Livingstone uliozikwa kwa Chitambo, na Aprili 18, 1874 alikuwa Mwafrika pekee miongoni mwa walioshika jeneza katika Westminster Abbey. Baadaye alirudi magharibi mwa Tanganyika, akafariki mwaka 1892 Urambo, katika nchi iliyokuwa ya Mirambo, mwendo usio mrefu kutoka Kwihara.

Deni hapa ni wazi, na ni la kitaaluma kabla ya kuwa la kifedha. Jiografia ya Afrika ya Kati iliyofundishwa katika vyuo vya Ulaya ilijengwa kwa ujuzi wa watu wa njia hii, na watu hao hawakuhesabiwa kama wataalamu.

Mabadiliko yalianza katika madarasa ya Tabora kwenyewe. Reli ya Kati ilifika mjini mwaka 1912 na kuumaliza upagazi wa masafa marefu. Mwaka 1925 Waingereza wakafungua shule ya serikali iliyokusudiwa hasa watoto wa watemi, waje kuwa watawala wadogo wa utawala wa Kiingereza. Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937. Kutoka Tabora akaenda Makerere mwaka 1943, na alipomaliza akarudi Tabora mwaka 1946 kufundisha katika shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Maria, pamoja na rafiki yake wa Makerere, Andrew Tibandebage.

Miaka mitatu iliyofuata yafaa kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa. Baada ya vipindi vya mchana, Nyerere aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mji bila malipo. Kwa muda mfupi alikuwa mkaguzi wa bei, akipita madukani kuona wananchi wanauziwaje, na alipoona taarifa zake za udanganyifu hazifanyiwi kazi akaiacha kazi hiyo. Tawi la Tabora la chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, alichojiunga nacho, lilifungua duka la ushirika lililouza sukari, unga na sabuni. Yeye na Tibandebage wakajadili katiba ya chama na kuwaeleza watu sera za wakoloni ambazo zisingeelezwa kwa lugha yao na mtu mwingine. Hakuna aliyewatuma. Chuo chao hakikuwa na ofisi ya huduma kwa jamii, wala hawakuandika ripoti ya nusu mwaka. Walikuwa wahitimu wawili katika mji wenye wahitimu wa kuhesabika kwa vidole, na walijua sukari inauzwaje dukani.

Ukitafuta mahali ambapo fikra ya baadaye ya Nyerere kuhusu chuo kikuu ilipatia mizizi, Tabora ya 1946 hadi 1949 ina haki ya kutajwa. Alipokuwa kiongozi wa nchi alipenda mfano wa kijiji chenye njaa kinachompa kijana mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa wengine. Asiporudi ni msaliti. Watu wa Unyamwezi hawakuhitaji kufafanuliwa habari za mtu anayepewa posho kwa ajili ya safari.

Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wachache. Kikahamia Mlimani mwaka 1964. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kuwa la lazima kwa wasomi, hasa sharti la kufanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, kisha Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Huo ulikuwa wajibu kwa jamii ulioamrishwa kutoka juu, na kama amri nyingi za aina hiyo ulitiiwa na waliotii, kisha ukalegezwa baadaye.

Kilichofanikiwa zaidi kilianza kwa utulivu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilizaliwa mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje ya Makerere, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikajitegemea kisheria. Ilipokuwa bado chini ya chuo kikuu, ikiongozwa na Paul Mhaiki, iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Watu walikusanyika vijijini katika vikundi vya kujifunza, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu pamoja na kiongozi wa kikundi, wakajadili maji, mbu na vyoo, kisha wakaamua wenyewe kazi ya wiki. Waliokadiriwa kushiriki walikuwa milioni mbili. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa. Mhadhiri wa Mlimani hakuhitaji kufika kila kijiji, alihitaji kuandika kwa Kiswahili ambacho kijiji kitakijadili. Kazi ya Steere na kazi ya wapagazi walioisambaza lugha zilikuwa zimekutana.

Idara ya Historia ya Mlimani nayo ilikuwa na jambo lake. Mwaka 1968 wanafunzi walipelekwa kusini kuwauliza wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji, nao Gilbert Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za vita hivyo. Mzee asiyejua kusoma akawa shahidi ambaye neno lake linaandikwa kwa jina lake. Miaka michache baadaye, mradi wa Jipemoyo uliwashirikisha wanavijiji wa Bagamoyo magharibi, mwanzoni mwa njia ile ile inayokwisha Ujiji, kama watafiti wenza wa mila na maisha yao. Fikra hiyo ingefaa sana Kwihara, ambako koo za watemi, za Waarabu na za wapagazi bado zinaishi jirani kwa jirani.

Siku hizi Tabora ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichopewa jina la Marko Mihayo aliyeongoza Jimbo Kuu la Tabora kuanzia 1960 hadi 1985. Vyuo nchini kote vimezoea siku ya huduma kwa jamii: wanafunzi hupanda miti, huchangia damu, hufagia soko, hupeleka sabuni na sukari kwenye vituo vya watoto yatima. Ni mema, na anayepata damu hospitalini hajali ilitoka katika sherehe gani. Lakini kazi hizo kikundi chochote cha kanisa au cha msikiti kinaweza kuzifanya, na zinafanywa. Jamii inapokilisha chuo kwa kodi, sadaka na ada inayotokana na mauzo ya tumbaku au asali, ina haki ya kudai kile ambacho chuo peke yake kinaweza kutoa.

Kwihara inao mfano ulio tayari. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza Njia Kuu ya Utumwa na Pembe za Ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kutoka orodha ya awali hadi Urithi wa Dunia kuna kazi ya kuchora ramani za matembe na visima, kurekodi wazee, kuandaa ulinzi wa kisheria wa maeneo, na kukubaliana na wanakijiji ni nani atanufaika mgeni akija. Kazi hizo ndizo hasa zinazoweza kufanywa na wanafunzi wanaokwenda fildi, wakiwa wamefundishwa namna ya kuuliza na namna ya kurudisha walichoandika kwa aliyewaambia.

Ipo pia kazi nyingine ndogo zaidi. Jacob Wainwright aliandika shajara ya safari ile kwa Kiingereza. Ilichapishwa kwanza kwa Kijerumani mwaka 1874, na sasa wanazuoni wa vyuo vikuu wameiweka kwenye intaneti ikasomwe na yeyote. Idara ya lugha na idara ya historia zikiketi pamoja, zinaweza kuigeuza Kiswahili, kuieleza kwa ramani na kuitia mikononi mwa walimu wa shule za Kwihara na za Urambo, ambako mwandishi wake alifia.